Kamakura: mji wa mahekalu uliowafungulia wamama mlango



Katika mji wa Kamakura, nchini Japani, kuna lango dogo la mbao lenye paa la nyasi, juu ya ngazi za mawe. Kwa mamia ya miaka, mwanamke aliyeshindwa na ndoa yake alijua kwamba akifika kwenye lango hilo amepona. Kama waliomfuata walikuwa wamekaribia kumshika, alivua sandali yake moja na kuitupa ndani. Sandali ikiisha kuvuka lango, ilihesabiwa kwamba na mwenyewe ameingia. Bwana wake, baba mkwe wake, ndugu waliotumwa kumrudisha, wote walipaswa kusimama nje.

Juma hili ukurasa wetu wa safari unakwenda huko. Nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko kati ya juma mbili za mafunzo mjini Tokyo, nikaitumia kuzunguka mahekalu ya Kamakura kwa miguu na kwa treni. Wageni wengi wanaenda kule kuona sanamu kubwa ya Budha na kupiga picha. Sanamu hiyo ni nzuri, nitaieleza. Lakini kilichonishika ni kingine: karibu kila mahali niliposimama nilikuta habari ya mwanamke. Mmoja alikimbia, mwingine alijifungua kwa shida, mwingine alinyang'anywa mtoto. Mji huu ulijengwa na wanaume wa vita, lakini mawe yake yanakumbuka wamama.

MJI WENYEWE

Kamakura iko kusini ya Tokyo, mwendo wa karibu saa moja kwa treni. Ni mji wa pwani. Pande tatu umezungukwa na vilima vyenye miti mingi, na upande wa nne ni bahari. Kwa sababu hiyo mkuu wa vita Minamoto no Yoritomo aliuchagua uwe makao yake: adui alipata shida kuingia. Toka mwisho wa karne ya 12 mpaka mwaka 1333, mfalme alikaa Kyoto, lakini nguvu za serikali zilikuwa hapa Kamakura, mikononi mwa wapiganaji wanaoitwa samurai na mkubwa wao, shogun.

Kabla ya kutembea, tujue jambo moja. Kule kuna nyumba za ibada za namna mbili. Hekalu ni la dini ya Budha, iliyofika Japani kupitia Uchina na Korea. Patakatifu pa Kishinto ni pa dini ya asili ya Wajapani, na utapatambua kwa lango lisilo na mlango: nguzo mbili na miti miwili iliyolazwa juu, linaloitwa torii. Patakatifu pa Kishinto unanawa mikono kwa kata ya maji mlangoni, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Katika hekalu la Budha hakuna makofi. Unaunganisha mikono kimya.

Najua wengine wataniuliza: wewe Mkristo, ulikwenda kufanya nini kule? Nilikwenda kama mgeni anavyoingia nyumbani kwa mtu. Nilivua viatu pale walipoomba tuvue, nikanyamaza pale walipoomba tunyamaze, na hakuna mtu aliyenilazimisha kuomba. Kuheshimu mahali ambapo mwenzako analia hakukuondolei imani yako.

HEKALU LA WANAOKIMBIA

Ukishuka kwenye kituo cha Kita-Kamakura, yaani Kamakura ya kaskazini, huhitaji teksi. Hekalu la Engaku-ji liko hapo hapo mlangoni mwa kituo. Lilijengwa mwaka 1282 na Hojo Tokimune, aliyekuwa mtawala wakati Wamongolia walipojaribu kuvamia Japani mara mbili, mwaka 1274 na 1281. Alilijenga kwa ajili ya kuwaombea waliokufa katika vita ile, wa kwake na wa adui pia. Sisi tunaotoka katika nchi iliyozika watu wengi wa vita, jambo hilo la kuombea hata maiti ya adui lilinisimamisha kidogo.

Tokimune alikufa mwaka 1284, angali kijana. Mjane wake akanyoa nywele, akawa mtawa kwa jina la Kakusan, na mwaka uliofuata, 1285, akaanzisha hekalu lake mwenyewe upande wa pili wa reli ya leo. Ndilo Tokei-ji, hekalu la lango lile la sandali.

Ili tuelewe uzito wake, tukumbuke sheria ya wakati ule. Katika miaka ya watawala wa Tokugawa, kuanzia karne ya 17 mpaka ya 19, karatasi ya kuvunja ndoa iliandikwa na bwana peke yake. Ilikuwa karatasi fupi hata watu waliiita mistari mitatu na nusu. Mwanamke asiyekuwa na karatasi hiyo hakuweza kuolewa tena. Apigwe, aachwe bila chakula, bwana alewe mpaka auze vyombo vya nyumba, yeye hakuwa na haki ya kuandika hata mstari mmoja. Serikali ilitambua mahekalu mawili tu katika Japani nzima ambako mwanamke angeweza kukimbilia na ndoa ikavunjwa: Mantoku-ji, na hili la Kamakura.

Wengi tukisikia kimbilio tunafikiri ni kujificha tu. Hapana, Tokei-ji ilikuwa na utaratibu. Mwanamke alipofika, aliandikwa, akawekwa katika nyumba za wageni zilizokuwa karibu na lango. Kisha ofisi ya hekalu iliita wazazi wake, halafu upande wa bwana. Kwanza walijaribu kupatanisha. Wengine walirudi nyumbani kwa makubaliano. Mara nyingi bwana, akiona jambo limefika mbele ya hekalu, aliandika karatasi na mambo yakaishia hapo. Akikataa kabisa, mwanamke aliingia ndani, akaishi chini ya sheria za watawa. Zamani alikaa miaka mitatu. Baadaye ikapunguzwa, ikawa miezi 24. Muda ukiisha, bwana alipaswa kuandika, apende asipende.

Maisha ya ndani hayakuwa mepesi. Waliotoka katika jamaa zenye mali walilipa zaidi na kupewa kazi laini. Maskini walipika, walifua na kufagia. Hata kimbilio lilijua tofauti ya tajiri na maskini. Lakini hata maskini alipokelewa. Watu wa historia wanakadiria kwamba katika miaka ile ya Tokugawa wanawake kama 2,000 walipata kuachana na waume zao kupitia lango hili.

Kuna jina lingine la kukumbuka hapa: Tenshu. Alikuwa mjukuu wa mtawala mkubwa Toyotomi Hideyoshi. Mwaka 1615 ngome ya jamaa yake mjini Osaka ilianguka, baba yake akafa na ndugu yake wa kiume akauawa. Yeye, msichana wa miaka kama saba, aliachwa hai kwa sharti la kuingia utawa. Alipelekwa Tokei-ji, akakua humo, akawa mama mkuu wa 20 wa hekalu. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa na mshindi wa vita anataka nini, alijibu kwamba anataka sheria ya hekalu ya kuwapokea wanawake isiguswe. Mtoto aliyenyang'anywa kila kitu aliwaombea wengine mlango.

Haki hiyo ya hekalu iliisha mwaka 1873, pale serikali mpya ilipotoa sheria iliyomruhusu mke kupeleka shauri la kuachana mbele ya mahakama, akisindikizwa na baba, kaka au ndugu mwingine. Mtawa mwanamke wa mwisho alikufa mwaka 1902, na toka hapo hekalu limekuwa la watawa wanaume. Leo ni bustani ya utulivu: maua ya mwezi wa Februari, majani mabichi, makaburi ya zamani chini ya miti mirefu. Ukipanda zile ngazi, utaona ni chache tu. Lakini fikiri kuzipanda ukiwa umetembea siku nzima toka Edo, jina la zamani la Tokyo, usiku umeingia, na nyuma yako unasikia nyayo za watu.

NJIA ILIYOJENGWA KWA AJILI YA UZAZI

Toka Tokei-ji unafuata barabara kuelekea katikati ya mji, kwa miguu, kama nusu saa. Njiani unapita Kencho-ji, hekalu kubwa lililoanzishwa mwaka 1253. Bonde lake lilikuwa zamani mahali pa kuwaulia wahalifu, na kwa sababu hiyo sanamu inayoheshimiwa humo ni Jizo, ambaye Wabudha wanaamini anawatunza wafu, wasafiri na watoto. Likumbukeni jina hilo, tutakutana nalo tena.

Mwisho wa barabara ni patakatifu pakubwa pa Kishinto, Tsurugaoka Hachimangu, ambapo ndipo moyo wa Kamakura. Yoritomo alipahamishia karibu na hapo mwaka 1180. Mbele yake kuna njia ndefu iliyonyooka kuelekea baharini, na katikati ya njia hiyo kuna nyingine iliyoinuliwa kwa mawe, yenye miti ya maua pande mbili. Inaitwa Dankazura. Mwaka 1182, Masako, mke wa Yoritomo, alikuwa na mimba. Yoritomo aliamuru njia hiyo ijengwe ili kuomba mke wake ajifungue salama, na inasemekana wakubwa wa vita walibeba mawe kwa mikono yao. Mtoto wa kiume alizaliwa mwaka ule ule.

Nilitembea juu ya njia hiyo polepole. Watu wengi wanaipita wakila aiskrimu bila kujua. Mtu mwenye jeshi zima aliogopa uzazi kama mwanaume yeyote anayezungukazunguka nje ya materinite usiku, akisubiri kusikia sauti ya mtoto.

Lakini Yoritomo huyo huyo hakuwahurumia wamama wote. Mwaka 1186 aliletewa mateka, msichana mcheza ngoma aliyeitwa Shizuka. Alikuwa mpenzi wa Yoshitsune, mdogo wake Yoritomo, ambaye alimshindia vita halafu akageuka kuwa mtu wa kuwindwa. Shizuka alikuwa na mimba. Alilazimishwa kucheza hapa Hachimangu mbele ya wakubwa wote. Alicheza, lakini aliimba juu ya huzuni ya kumkosa Yoshitsune. Yoritomo alikasirika sana. Aliyemtetea ni Masako. Alimkumbusha bwana wake jinsi yeye mwenyewe, angali msichana, alivyomkimbilia usiku katika mvua, kinyume cha matakwa ya baba yake, na jinsi alivyokaa na hofu wakati bwana yuko vitani. Alimwambia kwamba mwanamke asiyemlilia mpenzi wake wakati wa taabu si mwanamke wa kweli.

Shizuka aliponyoka siku ile. Miezi michache baadaye alijifungua. Amri ilikuwa imetolewa: akiwa msichana ataachwa, akiwa mvulana atauawa. Akawa mvulana. Masako aliomba aachwe, hakusikilizwa. Mtoto alichukuliwa mikononi mwa mama yake akauawa kwenye pwani ya Yuigahama, ambapo leo watu wanaogelea wakati wa joto. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, mwanamke mmoja anacheza ngoma ya Shizuka kwenye jukwaa la Hachimangu. Zaidi ya miaka 800 imepita, na bado wanacheza.

Masako naye hakukosa machozi. Alizaa watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, na aliwazika wote. Mwana wa kwanza, yule wa Dankazura, aliuawa mwaka 1204. Wa pili aliuawa mwaka 1219 hapa hapa Hachimangu, kwa mkono wa mtoto wa kaka yake. Bwana wake alipokufa mwaka 1199, Masako alikuwa mtawa, lakini watu walimwita shogun mtawa kwa sababu yeye ndiye aliyeshika nchi. Mwaka 1221, jeshi la mfalme lilipotaka kuiangusha Kamakura, aliwahutubia wapiganaji akawakumbusha mema waliyotendewa. Walikwenda, wakashinda. Alikufa mwaka 1225. Kaburi lake la ukumbusho liko ndani ya pango dogo katika hekalu la Jufuku-ji, alilolianzisha mwenyewe.

Kando ya ngazi kubwa za Hachimangu ulikuwepo mti wa ginko wa zamani sana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2010 upepo uliung'oa. Watunzaji walilipanda shina pembeni na kuacha mizizi mahali pake. Mizizi ilichipua. Sasa kuna mti mchanga umesimama pale, na wazee wanaopanda ngazi wanausalimia kama mjukuu.

Wajukuu wa kweli wapo pia. Wajapani wana desturi ya kumpeleka mtoto mchanga kwenye patakatifu akitimiza kama mwezi mmoja. Kwa kawaida ya zamani anayembeba ni bibi mzaa baba, ili mama apumzike. Na mwezi wa Novemba wanawaleta watoto wa miaka mitatu, mitano na saba, wamevaa nguo za sikukuu, kushukuru kwamba wamefika umri huo. Zamani watoto wengi hawakufika.

MAMA ALIYEKUFA KWA UZAZI

Karibu na barabara hiyo kubwa kuna hekalu dogo ambalo mgeni anaweza kulipita bila kuliona. Jina lake ni Daigyo-ji, lakini watu wa mji wanaliita Onme-sama. Linasimulia hivi: mwaka 1532, mtawa mmoja alikutana alfajiri na kivuli cha mwanamke aliyekufa wakati wa kujifungua, amembeba mtoto anayelia, akishindwa kuvuka mto. Mtawa alimwombea. Siku nyingine mwanamke yule alirudi, safari hii na uso wa amani, akamwachia fedha alizokuwa amejiwekea alipokuwa hai, ili zisaidie wengine wasiteseke kama yeye. Mpaka leo wanawake wenye mimba wanakwenda hapo kuomba uzazi salama, wakisindikizwa na mama zao au na waume zao.

Ni hadithi ya kale, kila mtu aipokee anavyoweza. Mimi nilichokipenda ni kwamba mama aliyekufa katika uzazi hakufichwa kama jambo la aibu au la mkosi. Alipewa hekalu.

WATOTO WALIOKWENDA MAPEMA

Kwenye kituo cha Kamakura unapanda treni ndogo inayoitwa Enoden, inayopita katikati ya nyumba za watu hata unaona nguo zilizoanikwa. Kituo cha tatu ni Hase. Dakika chache kwa miguu, na uko kwenye hekalu la Hase-dera, ubavuni mwa kilima, bahari ikionekana chini.

Ndani yake kuna sanamu ya mbao ya Kannon, iliyopakwa dhahabu, yenye urefu wa zaidi ya metre 9 na nyuso kumi na moja, ili aweze kuangalia pande zote na kusikia kila anayelia. Lakini kabla hujamfikia, ukipanda ngazi, unakutana na Jizo. Si mmoja. Ni sanamu ndogo za mawe, urefu wa kiganja na vidole, mamia kwa mamia, zimepangwa mistari kwa mistari kama watoto wa shule asubuhi kwenye uwanja. Nyuso zao ni za watoto, macho yamefumbwa. Mahali pengine Japani wanawavalisha kofia nyekundu na bavu za watoto, na kuwawekea vinyago.

Kila moja imewekwa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuishi: mimba iliyoharibika, mimba iliyotolewa, mtoto aliyezaliwa amekufa. Wajapani wana neno la kumwita, mizuko, maana yake mtoto wa maji. Hadithi zao zinasema kwamba watoto hao wanakaa ukingoni mwa mto wa wafu, wakirundika vijiwe bila kumaliza, mpaka Jizo anapokuja na kuwaficha ndani ya kanzu yake.

Nilimwona mwanaume kijana na mke wake wamesimama pale. Hawakupiga picha, hawakuongea. Walimwagia sanamu moja maji kidogo, wakainama, wakaondoka wameshikana mikono. Nilisogea kando, kwa sababu mambo yale hayakunihusu.

Lazima niseme pia upande mwingine. Desturi hii ya kuwaombea watoto wa maji ilienea sana miaka ya 1970, na Wajapani wenyewe wameikosoa. Yalikuwapo mahekalu yaliyowatisha wanawake kwamba mtoto atalipiza kisasi wasipolipa, na kuchuma pesa juu ya machozi yao. Hakuna nchi isiyo na watu wa namna hiyo. Sisi pia tunawajua wanaomwambia mama aliyepoteza mimba kwamba kuna laana, na kwamba kuiondoa kuna bei.

Lakini ukiondoa hao, linabaki jambo rahisi: mama ana mahali pa kusimama. Kwetu, ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu: nilizaa nane, nimebaki na watano. Ile hesabu ya watatu inapita haraka, na tunarukia habari nyingine. Mimba iliyotoka miezi minne haina hata hesabu. Anaambiwa: nyamaza, utazaa mwingine. Siku ya tatu yuko sokoni na meza yake. Nani alimsikiliza?

BUDHA MKUBWA, NA KURUDI

Dakika kumi toka hapo ni Kotoku-in, nyumbani kwa sanamu kubwa ya Budha. Kazi ya kuimimina ilianza mwaka 1252. Ni ya shaba iliyochanganywa na madini mengine, urefu wake metre 11 na zaidi bila msingi, uzito tani 121. Ndani ni wazi, unaweza kuingia na kuona jinsi mafundi walivyounganisha vipande. Zamani ilikuwa ndani ya jumba. Dhoruba zililiangusha mara mbili katika karne ya 14, na mwaka 1498 ikaja tetemeko na mawimbi ya bahari. Hawakujenga tena. Toka hapo Budha anakaa nje, mvua inamnyeshea, jua linamchoma, naye ameinamisha uso vile vile. Inasimuliwa kwamba wazo la kujenga sanamu hiyo lilikuwa la mwanamke, Inada, aliyekuwa mhudumu katika nyumba ya Yoritomo, na kwamba alizunguka akichangisha fedha pamoja na mtawa mmoja.

Mkiwa na saa moja iliyobaki, nendeni Zeniarai Benten, patakatifu palipo ndani ya mwamba. Watu wanaweka pesa zao katika kikapu kidogo na kuziosha kwa maji ya chemchemi, wakiamini kwamba pesa iliyooshwa ikitumiwa vizuri itarudi imeongezeka. Niliona wamama wakikausha noti zao kwa leso, mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa. Wenzangu wa likelemba wangecheka na kuomba ndoo nzima.

Kwa atakayepata nafasi ya kwenda: siku moja inatosha kama utaanza Kita-Kamakura saa tatu asubuhi. Vaa viatu rahisi kuvua, na soksi zisizotoboka. Ngazi ni nyingi. Sehemu nyingi wanaomba malipo kidogo ya kuingia, hivyo uwe na sarafu. Mahekalu mengi yanafunga kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Pale penye alama ya kukataza picha, weka simu ndani ya mfuko.

NA SISI?

Kakusan hakubadilisha sheria ya ndoa ya Japani. Hakuwa na uwezo huo. Alifungua mlango mmoja, akahakikisha kwamba nyuma ya mlango kuna utaratibu, mtu wa kuandika jina lako, mtu wa kumwita bwana, mahali pa kulala. Waliomfuata walilinda mlango huo kwa karibu miaka 600, mpaka sheria yenyewe ilipokuja kubadilika.

Kwetu sheria imepiga hatua. Toka mwaka 2016, sheria ya jamaa ya Kongo haimlazimishi tena mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana ili asaini mkataba, afungue kazi au apeleke shauri. Tribinali ya amani inapokea pia ombi la mke, na hakimu anaanza kwa kuwapatanisha, kama ofisi ya Tokei-ji ilivyofanya. Lakini sheria iliyo kwenye karatasi mjini haimsaidii mwenzetu anayepigwa saa sita za usiku mwisho wa mtaa. Wakati ule anahitaji lango lililo karibu, analolijua.

Kwa hiyo nawaomba, katika mkutano wetu wa juma lijalo, tuache kidogo hesabu za michango, tuulizane mambo matatu. Usiku huu, mwenzetu akikimbia, atagonga kwa nani, na huyo nani ana godoro la ziada na namba ya simu ya mtu wa sheria? Mwenzetu mwenye mimba akishikwa na uchungu barabara ikiwa mbovu, nani ana pikipiki na nani ana franga za haraka? Na mwenzetu aliyepoteza mtoto juzi, nani alikwenda kukaa naye bila kumwambia anyamaze?

Tuandike majina kwenye daftari la chama, kila mtaa na jina lake. Mama atakayekubali mlango wake uandikwe, ainue mkono.